Mhunzi na Vyuma Vikuukuu

Leo nataka kusema habari za kazi ambayo kila mkulima aihitaji, ingawa ni wachache waifikirio, nayo ni kazi ya mhunzi. Sina nia ya kueleza viwanda vikubwa vya ng'ambo, ambamo chuma huyeyushwa kama maji. Nitasema habari za mhunzi wa kwetu, wa Mwanga, wa Ujiji na wa vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, aketiye katika kibanda chake, moto wa mkaa mbele yake, na kando yake chungu ya vyuma vikuukuu: springi za motokari, vipande vya nondo, tupa zilizokwisha meno, mapanga yaliyokatika, na vitu vingine ambavyo hata jina lake halijulikani tena. Apitaye njiani huona takataka. Mhunzi ajuaye kazi yake huona majembe, mashoka, miundu, nanga na misumari ya mashua. Lakini hapana budi ajue kuchagua, kwa maana katika chungu ile ile mna chuma kitakachompa sifa na chuma kitakachomwaibisha.

Na hasara haiwi yake peke yake. Jembe likipasuka wakati mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, mwenye shamba hupoteza siku tatu au nne akitafuta jingine, na huku majirani wamekwisha kupanda mahindi na maharagwe. Shoka likirusha kipande huweza kumpofusha mtu. Nanga ikivunjika mkono usiku, mashua ya wavuvi husukumwa na upepo hata kwenye mawe. Basi maneno nitakayosema yamhusu kila mtu alaye kwa jembe au kwa wavu.

Zamani mhunzi hakuokota chuma. Alikitoa katika mawe. Tukifuata ufuko wa ziwa kwenda kusini, kisha tukapanda milima, tutafika nchi ya Ufipa, na huko yaonekana hata leo matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, mengine yamesimama na mengine yamebomoka. Ilungu moja huweza kufika kimo cha mita 3 hivi, karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Ndani yake walitia mkaa na mawe yenye chuma, na chini waliacha matundu yenye mirija ya udongo. Hawakuvukuta. Kimo cha tanuru chenyewe kilivuta hewa, kama bomba la moshi livutavyo, na moto ukawaka mchana na usiku. Kilichotoka hakikuwa chuma safi, bali bonge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na taka za mawe yaliyoyeyuka. Bonge hilo lilivunjwa vipande, likapikwa mara ya pili katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Baada ya hayo yote ndipo mhunzi alipopata kitu cha kupiga nyundo.

Majembe yaliyofuliwa kwa chuma cha namna hiyo yalikuwa mali. Katika nchi nyingi za magharibi yalitumika kununulia vitu, na watu walitoa majembe katika mahari. Lakini majembe ya Ulaya yalipoletwa kwa meli na kwa gari la moshi, yakauzwa kwa bei ndogo, wapika chuma wakaacha kazi yao mmoja mmoja, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 matanuru yakazimika. Watu husema uhunzi ulikufa wakati huo. Mimi naona maneno hayo si ya haki. Kilichokufa ni kupika chuma, si kufua chuma. Mhunzi alihama mlima tu: badala ya kuchimba mawe, akaanza kuchimba mabaki.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Pamoja nayo zikaja karakana, meli kubwa, na baadaye motokari. Na kila chombo cha chuma, siku yake ikifika, huvunjika. Hivyo mhunzi wa ufukoni akapata chuma kilicho tayari, mara nyingi bora kuliko kile alichokifua babu yake, wala hakukata mti hata mmoja kwa ajili ya kukipika. Lakini alipoteza jambo moja. Babu yake alijua jiwe lake limetoka mlima gani na chuma chake kina tabia gani, kwa kuwa alikiona tangu kuzaliwa kwake. Mjukuu huletewa kipande kilichozaliwa Ujerumani, au Uingereza, au Japani, nacho hakikuandikwa kitu. Yeye hana wa kumwuliza ila chuma chenyewe.

Hapa lazima niseme neno juu ya reli, nalo ni neno kali. Yuko mtu aonaye taruma au msumari wa njia ya gari la moshi, akafikiri kuwa ni chuma cha bure kwa sababu hakina mlinzi. Msumari ule ndio ulinzi wa watu wote waliomo garini. Aung'oaye ni mwizi, naye mhunzi amnunuliaye ni mwenzake, na gari likipinduka damu iko juu yao wote wawili. Vivyo hivyo nyaya za simu na vyuma vya madaraja. Vyuma vikuukuu vya halali vipo tele, mhunzi mwenye akili huuliza kwanza, "Kimetoka wapi?" kabla ya kuuliza, "Bei gani?"

Sasa tuje kwenye kutambua chuma. Vyuma vyote ni ndugu, na kinachovitofautisha zaidi ni kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo katika mkaa. Chuma laini, kama cha misumari na cha nondo nyingi, kina kaboni kidogo, yapata sehemu 2 katika 1,000. Chuma cha pua cha springi za motokari kina sehemu 6 hivi katika 1,000. Tupa nzuri ina sehemu 10 au zaidi. Chuma cha kalibu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa, kama mwili wa cherehani ya zamani au magurudumu ya mikanda ya mashine za kusaga, kina sehemu 30 hata 40. Kwa hesabu tofauti hizo ni ndogo, lakini mbele ya nyundo ni kubwa mno. Chuma laini hupindika, wala hakishiki makali. Pua hushika makali, nayo ikitiwa moto na maji kwa kiasi huwa ngumu. Chuma cha kalibu hakifuliki kabisa: ukikipasha moto na kukipiga, hupasuka kama tofali.

Ziko njia nyingi za kumhoji chuma, na wahunzi wazee huzitumia bila kuzitaja. Mmoja huning'iniza kipande kwa kamba na kukigonga. Pua hulia kama kengele, chuma cha kalibu hutoa sauti iliyokufa. Mwingine hupitisha tupa: chuma laini hukwaruzika mara moja, pua iliyotiwa maji humfanya tupa ateleze. Mwenye jiwe la kunolea la kuzungusha hutazama cheche. Cheche za chuma laini huruka mbali, ni ndefu, nazo hazina matawi mengi. Za pua ni fupi zaidi, nazo hupasuka kama maua. Za chuma cha kalibu ni fupi na nyekundu iliyofifia.

Lakini jaribio niliaminilo kuliko yote halihitaji kitu ila moto, maji na nyundo. Kata kipande chembamba, urefu wa kidole. Kipashe moto hata kiwe chekundu cha kung'aa, ukitose katika maji. Kisha kibane, ukifunike kwa kitambaa kizito ili kisiruke machoni, ukipige. Kikipinda, ni chuma laini. Kifanye bawaba, au kitasa, au mguu wa jiko. Kikivunjika papo hapo, ni pua, na sasa tazama mahali kilipovunjika. Ukiona chembe ndogo za kijivu, laini kama majivu yaliyopepetwa, moto wako ulikuwa wa kiasi. Ukiona chembe kubwa zimetukazo kama sukari, ulikipasha kupita kiasi, na jembe lililofuliwa kwa moto wa namna hiyo litavunjika vile vile. Wanafunzi wakionyeshwa vipande viwili vya namna hii, kimoja cha majivu na kimoja cha sukari, hawasahau tena. Nimeona kuwa somo hilo huingia kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Jambo moja zaidi juu ya springi, kwa kuwa ndiyo chuma wahunzi wakipendacho. Springi hutolewa katika motokari kwa sababu imevunjika, na chuma kilichovunjika mahali pamoja mara nyingi kimechoka mahali pengine. Nyufa hizo ni nyembamba kuliko unywele. Safisha springi, uipake mafuta ya taa, ungoje kidogo, uipanguse ikauke, kisha isugue kwa chaki nyeupe. Uigonge polepole. Mafuta yaliyoingia katika ufa yatatoka, na mstari mweusi utaonekana juu ya weupe wa chaki. Kwa njia iliyo kama hii karakana za reli zilipima mihimili ya magurudumu katika siku za kale. Chaki ya ubaoni yatosha kabisa.

Pua ikishachaguliwa, ifuliwe ikiwa na rangi ya chungwa. Ikianza kuwa nyeupe na kutoa cheche ndani ya moto, inaungua, na iliyoungua haiponi. Kata sehemu hiyo uitupe. Tena ikirudi kuwa nyekundu iliyofifia, simamisha nyundo. Vijana wengi hupenda kuongeza mapigo mawili matatu ya mwisho ili kuokoa mkaa, na mapigo hayo ndiyo yazaayo nyufa. Umbo la jembe kila nchi ina lake. Jembe la kienyeji lina mkia uliochongoka upitao katika kichwa kinene cha mpini, nalo kadiri lilimavyo ndivyo likazavyo mpinini. Jembe la kigeni lina tundu. Lenye mkia ni jepesi kufua kwa springi moja. Lenye tundu lataka chuma kipana na mkono uliozoea. Mimi nashangaa kwamba jembe la mkia limedharauliwa, kwa maana mpini wake hupatikana katika kila msitu, wala halihitaji kabari.

Baada ya kulifua, liache jembe lipoe polepole hewani. Kisha makali yake peke yake yatiwe moto. Wengi hukisia kwa rangi, lakini rangi huonekana tofauti kwenye jua na kivulini. Sumaku hainidanganyi: pua ikifika digrii 770 hivi za sentigredi, sumaku haishiki tena. Ikishaacha kushika, ongeza moto kidogo sana, kisha tosa.

Utosee wapi? Katika maji, springi nyingi hupasuka. Hapa Kigoma tuna mawese, nayo ni mafuta mazuri kwa kazi hii, kwa sababu huipoza pua taratibu kuliko maji. Asubuhi za baridi mawese huganda. Tia kwanza kipande kingine cha chuma chenye moto ili yayeyuke na kuwa vuguvugu, kwa kuwa mafuta ya vuguvugu hupoza vizuri kuliko mafuta mazito. Yatie katika chombo kirefu cha chuma chenye kifuniko, kisha usisimame juu yake, maana juu huweza kuwaka. Yakiwaka, funika, usimwage maji kamwe.

Jembe likitoka hapo ni gumu mno, laweza kuvunjika kama kigae. Lisugue makali hata yang'ae, kisha lipashe tena upande wa mgongo, polepole. Utaona rangi zikitembea kuelekea makali: kwanza manjano hafifu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano ni ya kisu chembamba. Hudhurungi hata zambarau ni ya patasi na tindo. Buluu ni ya jembe na ya panga. Jembe si wembe. Litakutana na mawe na mizizi, nalo lataka ugumu wa mti uyumbao, si ugumu wa chupa. Buluu ikifika, litose lipoe, kazi imekwisha.

Kwa kuwa nimetaja mawese, nitakengeuka kidogo. Katika karne ya 19 mawese ya Afrika Magharibi yalipelekwa Uingereza kwa mapipa mengi. Hayakwenda kutengeneza sabuni na mishumaa tu. Yalilainisha mihimili ya magari ya moshi, na katika viwanda vya Wales yalitumika wakati wa kupaka bati juu ya mabamba ya chuma. Basi mzee wa Ujiji apakaye nyundo yake mawese hafanyi jambo la kishamba. Afahamu tu kwamba mawese yakichacha huwa na ukali ulao chuma, kwa hiyo apake mapya na kuyapangusa ya zamani. Tena huko Afrika Magharibi wahunzi huchoma maganda magumu ya mise badala ya mkaa wa miti, nayo hutoa moto mkali. Maganda hayo hutupwa hapa kwetu kwa chungu, na huku miti ya mkaa yazidi kuwa mbali kila mwaka. Mhunzi angejaribu kuyachanganya na mkaa wake, debe kwa debe, aone.

Nimesema juu ya chuma cha kufuliwa. Vyombo vya kufulia navyo vyataka maneno mengi, kwa maana hapo ndipo tupotezapo mali bila kujua. Mzee mhunzi akifa, vyombo vyake hukaa pembeni mwa nyumba miaka miwili au mitatu, vikila kutu. Kisha huja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Fuawe, jiliwa, nyundo na koleo hupimwa kwa kilo pamoja na mabati yaliyooza, na watoto hufurahia fedha za siku mbili. Ukiwauliza, husema, "Vilikwisha haribika." Mara nyingi havikuharibika hata kidogo.

Watu wa Kigoma hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa masanduku yapata 5,000, ikaja kwa reli hata Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Julai 1916, Wadachi waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo waliipenda meli yao. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito kila mahali. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na walipofungua injini waliziona zingali nzima. Mwezi wa Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zile zile za mvuke zikaisukuma miaka mingi, hata zilipoondolewa katika miaka ya 1970. Kama grisi iliweza kuilinda injini katika maji ya ziwa karibu miaka minane, jiliwa la mzee lililokaa chini ya mwembe masika matatu haliwezi kusemwa kuwa limekufa kabla ya kulipangusa.

Tuanze na jiliwa, kwa kuwa ndilo ghali. Likiwa limeshikamana kwa kutu, usilitie motoni wala usilipige kwa nyundo. Taya zake huweza kupoteza ugumu wake, na mengi yana mwili wa chuma cha kalibu, ambacho hupasuka. Lipake mafuta ya taa kwenye parafujo, ulifunike kwa gunia lililolowa mafuta hayo hayo, mbali na moto, ungoje siku mbili tatu. Gonga mkono wake kidogo kidogo huku na huku. Likianza kutembea hata upana wa ukucha, umeshinda. Ongeza mafuta, rudisha, tembeza tena. Parafujo ikitoka, isugue kwa burashi ya waya, tazama meno yake. Meno yakiwa yamelika nusu, bado litabana kazi nyingi. Springi ifunguayo taya ikiwa imekatika, mhunzi hufua nyingine kwa kipande cha springi ya motokari kabla ya chakula cha mchana.

Nyundo huharibika sehemu mbili. Mpini hulegea, na watu huutia maji ili uvimbe. Hiyo ni dawa ya siku moja. Ukikauka hulegea zaidi, na kichwa huruka. Tengeneza mpini mpya wa mti mkavu wenye nyuzi zilizonyoka, utie kabari. Pili, uso wa nyundo huchanua pembeni kama uyoga. Vile vipande vilivyochanua ndivyo virukavyo na kuingia machoni. Viondoe kwa tupa au kwa jiwe, uache pembe ziwe mviringo kidogo. Tindo na patasi ni vivyo hivyo upande wa kugongea.

Koleo lililolegea watu hulitupa, na kosa liko katika ribiti moja tu. Toa ile ya zamani, tia mpya ya chuma laini ikiwa nyekundu, igonge, kisha fungua na kufunga koleo lingali na moto ili lisigande. Taya zikiwa hazikutani, zipashe, uzifunge juu ya kipande chenye unene wa kazi yako, uzigonge zikifuate.

Fuawe halina ugonjwa mwingi. Likiwa na uso uliobonyea kidogo, liache. Mahali palipobonyea hufaa kunyoshea vyuma vilivyopinda. Usilitie motoni kwa tamaa ya kulinyosha, kwani utaondoa ugumu wake, na hutaweza kuurudisha katika moto wa kibanda. Asiye na fuawe na atumie kipande cha reli kilichouzwa kwa halali na chenye hati, lakini akisimamishe wima katika gogo, ncha ikitazama juu. Wengi hukilaza, nacho huruka na kulia na kula nguvu za mkono, kwa sababu katikati yake ni chembamba. Kikisimama, uzito wote wa chuma uko chini ya nyundo. Uso wake ni mdogo, lakini ni kweli wazee walifua majembe juu ya jiwe.

Mvukuto ni habari nyingine, kwa maana ni kitu chenye uhai. Ngozi ya mbuzi ikikauka hupasuka kwenye mikunjo. Ilowanishe kwa maji kidogo, uikandekande, kisha uipake mawese au mafuta ya mnyama ingali na unyevu, uiache kivulini. Matundu hutafutwa kwa moshi: jaza mvukuto moshi wa majani mabichi, ziba mdomo, bonyeza, utazame moshi watokea wapi. Shona kiraka kwa ndani. Kisha angalia kewa, ule mrija wa udongo uingiao motoni. Ncha za mivukuto zisishikamane nayo kabisa; iachwe nafasi ya kidole kimoja, ili mvukuto uvutapo upate hewa ya nje, usivute makaa yakaunguza ngozi. Mivukuto mingi iliyoungua iliungua kwa kukosa nafasi hiyo. Siku hizi wahunzi wengi hutumia feni izungushwayo kwa gurudumu la baiskeli na mkanda, nayo ni nzuri kwa kuwa pumzi yake haikatiki. Lakini kwa pumzi hiyo hiyo mkaa huliwa upesi, na pua huungua kabla mtoto anayezungusha hajaambiwa aache. Afadhali pawe na kibao cha kuzibia hewa.

Yako machache ya hatari nisiyoweza kuyapita. Bati na mabomba yaliyopakwa zinki yasitiwe motoni. Moshi wake mweupe humletea mtu homa na kutetemeka usiku. Bomba lililozibwa pande zote mbili, au mtungi wowote usiojulikana ulikuwa na nini, hupasuka kwa kishindo ukipashwa. Betri za motokari zina risasi iliyo sumu, hasa kwa watoto. Na chuma chochote chenye umbo la kombora au risasi ya bunduki kisiguswe. Yaitwe polisi, hata kama mwenye kukileta aapa kuwa ni tupu.

Nikirudi kwa wale watoto wa mhunzi na mnunuzi wa vyuma, ningependa wafanye jambo moja kabla ya mizani kuletwa. Wavipange vyombo vya baba yao juu ya mkeka, wamwite mhunzi yeyote wa jirani, au mwalimu wa ufundi, avipige kimoja kimoja na kusikiliza. Vilivyopasuka na viuzwe. Vilivyo vizima na visafishwe kwa mafuta ya taa, vikaushwe juani, vipakwe grisi, au mawese mapya, kisha vifungwe katika gunia kavu na kuning'inizwa darini mahali pafikapo moshi wa jiko, hata apatikane kijana wa kuvishika. Na kama vitabaki kibandani, majivu yote yafagiliwe kwanza kwenye fuawe na chini ya jiliwa, kwa maana majivu hunywa unyevu wa masika, na kutu huanzia pale pale yalipolala.